Nani aliiangusha Nokia: Kallasvuo au Elop?

Nilijifunza ufundi wa simu Kariakoo, miaka ile ambayo neno simu na neno Nokia yalikuwa karibu kitu kimoja. Ukiifungua Nokia 1100 unakutana na kibodi ya mpira iliyokatwa kipande kimoja, haina upenyo kati ya kitufe na kitufe, kwa hiyo vumbi la mtaani halina pa kuingilia. Juu kabisa, tochi. Mteja akija na simu iliyotumbukia kwenye ndoo ya maji, unaifungua, unaipitishia brashi yenye spiriti, unaianika juani, na mara nyingi jioni inawaka. Sisi tuliiita kitochi, ndugu zetu wa Kenya wakaiita mulika mwizi. Iliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani, na simu ya bilioni moja ya kampuni hiyo, mwaka 2005, ilikuwa 1100 iliyonunuliwa Nigeria.

Basi watu wakianza kubishana nani aliiangusha Nokia, mimi nasogeza kiti. Na kila mara nakuta ubishi umegawanyika vilevile. Wengi wanamtaja Stephen Elop, Mkanada aliyetoka Microsoft na kushika uongozi Septemba 2010. Wachache wanamtaja aliyemtangulia, Olli-Pekka Kallasvuo, Mfini, mwanasheria aliyewahi kuwa mkuu wa fedha, aliyeongoza kuanzia Juni 2006 mpaka alipoondolewa na nafasi yake kupewa Elop. Nyuma ya wote wawili amesimama Jorma Ollila, mtendaji mkuu tangu 1992 hadi 2006, na mwenyekiti wa bodi mpaka 2012.

Nataka kuwaweka hawa bega kwa bega ili anayetafuta wa kumlaumu achague akiwa na vitu mkononi. Tatizo la ubishi huu ni kwamba watu wanaangalia maiti imekutwa mikononi mwa nani. Mimi napima kwa njia nyingine: kila mmoja alikabidhiwa nini, na alipoondoka alikiacha katika hali gani.

Jambo moja kwanza, maana linachanganya wengi. Nokia kama kampuni ipo hai. Inatengeneza mitambo ya mitandao ya simu, na mwaka 2016 ilikamilisha kuinunua Alcatel-Lucent. Kilichoanguka ni biashara ya simu za mkononi, ile iliyouzwa kwa Microsoft. Simu zilizokuja baadaye zikiwa na jina la Nokia zilitoka HMD, kampuni nyingine iliyopewa leseni ya kutumia jina hilo.

Kila mmoja alipokea nini

Kallasvuo alipokea shamba lililojaa mazao. Mwaka 2007 Nokia iliuza bidhaa na huduma za euro bilioni 51, ikabaki na faida ya uendeshaji ya karibu bilioni 8. Ilisafirisha simu milioni 437. Kati ya simu kumi zilizouzwa duniani mwishoni mwa mwaka huo, nne zilikuwa zake. Januari mwaka huohuo Steve Jobs wa Apple aliionyesha iPhone jukwaani, na mwezi Machi Nokia ikaanza kuuza N95: kamera ya megapikseli 5, GPS, Wi-Fi, 3G. iPhone ya kwanza haikuwa na 3G wala GPS, na kamera yake ilikuwa ya megapikseli 2. Kwa vifaa, Nokia ilikuwa mbele.

Ilipokuwa nyuma ni kwenye programu. Symbian ulikuwa mfumo uliobuniwa kwa ajili ya simu za vitufe zenye kumbukumbu ndogo na betri ya kubana matumizi, na kwa kazi hiyo ulifaa sana. Kuugeuza uwe mfumo wa kugusa kwa kidole lilikuwa jambo jingine. Lakini hata hapo Kallasvuo hakuanza mikono mitupu. Nokia ilikuwa na simu ya skrini ya kugusa, 7710, tangu mwishoni mwa 2004. Mwaka 2005 ilitoa 770, kishikwambi kidogo cha intaneti kilichotumia mfumo wa Linux, ambacho watoto wake ndio waliokuja kuwa N900 na N9. Pesa ilikuwepo, wahandisi walikuwepo, mbegu zilikuwa ghalani. Mwaka 2008 kampuni ililipa dola bilioni 8.1 kuinunua Navteq, watengenezaji wa ramani. Anayeweza kutoa fedha kama hizo kwa ajili ya ramani hawezi kusema alikosa uwezo wa kujenga mfumo mpya wa simu.

Elop alipokea kitu tofauti. Kwa kuangalia idadi tu, utasema alipewa kampuni nzima: mwaka 2010 Nokia iliuza simu janja takriban milioni 100, na milioni 28.3 kati yake ziliuzwa katika robo ya mwisho ya mwaka. Lakini kwa makadirio ya Nokia yenyewe, sehemu yake katika soko la simu janja iliporomoka kutoka asilimia 40 hadi 31 katika miezi kumi na miwili iliyoishia Desemba 2010. Soko lilikuwa linakua kwa kasi na Nokia ilikuwa inakua polepole. Ni kama daladala inayoongeza abiria wawili huku ya jirani inaongeza ishirini: unaona gari lako limejaa, kumbe njia imeshachukuliwa.

Kosa la Elop

Sitampunguzia. Mapema Februari 2011 aliwaandikia wafanyakazi waraka uliovuja ndani ya siku chache. Aliwasimulia mtu aliyeamka usiku juu ya mtambo wa mafuta wa Bahari ya Kaskazini, akakuta moto umemzunguka, na ikabidi aamue kama atajirusha kwenye maji ya barafu. Mtambo unaowaka, alimaanisha, ni Nokia. Kisha tarehe 11 Februari, London, akasimama na Steve Ballmer wa Microsoft kutangaza kwamba simu janja za Nokia zitatumia Windows Phone. Hisa zilishuka kwa asilimia 14 siku hiyohiyo.

Uamuzi wa kuiacha Symbian unaweza kutetewa. Kisichoweza kutetewa ni kuutangaza wakati simu ya Windows haipo hata moja dukani. Nokia ilisema itauza simu nyingine milioni 150 za Symbian katika miaka iliyofuata. Kwa nani?

Fikiria wewe ni mwenye duka. Umelipia mzigo, maboksi yamepangwa rafuni, na mwenye kiwanda anatangaza dunia nzima kwamba hicho ulichokiweka rafuni ameshakikataa, kizuri kinakuja mwishoni mwa mwaka. Mteja anaingia ameshasikia. Hata ukimpunguzia bei anashika simu, anaigeuzageuza, anaiweka chini. Wewe mwenyewe mwezi ujao utaagiza nini? Yeyote aliyewahi kuuza kitu chochote sokoni anajua jibu, na linanisikitisha mpaka leo kwamba mtu wa cheo kile hakulijua.

Idadi zinaonyesha. Simu janja milioni 28.3 katika robo ya mwisho ya 2010 zikawa 24.2, na kufikia robo ya pili ya 2011 zikawa 16.7. Lumia ya kwanza, simu ya Nokia yenye Windows, iliingia madukani Novemba 2011. Lumia 900 ikaingia Marekani Aprili 2012, na Juni Microsoft ikatangaza kwamba Windows Phone 8 haitawekwa kwenye Lumia zilizokwisha kuuzwa. Mtu aliyenunua simu miezi miwili nyuma akaambiwa ameshapitwa. Robo ya tatu ya 2012, simu janja zote za Nokia zilikuwa milioni 6.3.

Katikati ya hayo kuna N9. Ilitangazwa Juni 2011, ikitumia MeeGo, mfumo uliotokana na Linux, haina kitufe hata kimoja usoni. Unateleza kidole kutoka ukingoni na kazi uliyokuwa ukifanya inaondoka. Ilikuwa simu nzuri, na ishara hizo za kidole tunazitumia leo kwenye simu nyingi. Lakini mfumo wake ulikuwa umeshahukumiwa kabla haijauzwa, na haikupelekwa Marekani, Uingereza wala Ujerumani.

Juni 2012 kampuni ilitangaza kupunguza watu 10,000, na kiwanda cha Salo, mji mdogo wa Finland uliokuwa umejengeka juu ya simu hizo, kikafungwa. Desemba ikauza jengo la makao yake makuu Espoo kwa euro milioni 170 na kuanza kulipa kodi ya pango humohumo. Septemba 2013 biashara ya simu ikauzwa kwa Microsoft, pamoja na leseni za hataza, kwa euro bilioni 5.44. Elop akaondoka na malipo yaliyokadiriwa mwanzoni kuwa karibu euro milioni 18.8. Wafini waliona uchungu, na walikuwa na haki ya kuuona.

Wapo wanaosema alitumwa na Microsoft. Hoja hiyo naiweka pembeni kabisa. Bodi ilijua anatoka wapi ilipomwajiri, na mkataba wa Windows uliidhinishwa na bodi hiyohiyo, Ollila akiwa kitini. Na Microsoft yenyewe mwaka 2015 ilifuta dola bilioni 7.6 kwenye vitabu vyake kwa sababu ya ununuzi huo, ikapunguza wafanyakazi 7,800, wengi wao wa kitengo cha simu. Kama kulikuwa na mpango wa siri, ulimuumiza aliyeupanga.

Ana utetezi pia, na anayechagua upande lazima ausikie. Timu yake ilipopiga hesabu ya MeeGo, ilikuta kwa mwendo uliokuwepo zingetoka simu tatu tu kabla ya 2014. Huwezi kupigana na Samsung kwa simu tatu. Wanaosema angechukua Android na mambo yangenyooka waangalie HTC, iliyokuwa ya kwanza kuuza simu ya Android na baadaye ikauza sehemu ya wahandisi wake kwa Google. Waangalie LG, iliyofunga biashara ya simu mwaka 2021. Android ilimwokoa Samsung. Wengine wengi ilikufa nao.

Kosa la Kallasvuo

Lake halina tarehe moja ya kunyooshea kidole, ndiyo maana watu wanalisahau.

Simu iliyopaswa kujibu iPhone ilikuwa N97, mwaka 2009. Ilikuwa na nafasi ya gigabaiti 32 kwa picha na muziki, lakini sehemu ambayo mfumo wenyewe ulihifadhi vitu vyake ilikuwa finyu mno, makumi machache ya megabaiti, kwa hiyo simu ya bei ya juu kabisa ilikuwa inalalamika imejaa huku ghala lake liko tupu. Ramu yake pia ilikuwa ndogo. Si kosa la mhandisi mmoja. Simu kama hiyo inapita mezani kwa watu wengi kabla ya kufika dukani, na kila mmoja wao aliipitisha.

Kwa nini waliipitisha? Watafiti wawili, Timo Vuori wa Chuo Kikuu cha Aalto na Quy Huy wa chuo cha biashara cha INSEAD, waliwahoji watu 76, wengi wao wa Nokia, wakubwa kwa wadogo, kuhusu miaka ile. Walichokikuta ni woga. Wakubwa waliwaogopa washindani na wanahisa, wakawabana wa chini wawape simu haraka. Wa kati wakawaogopa wakubwa, wakanyamaza kuhusu hali halisi ya programu au wakaahidi wasichokiweza. Juu kukawa kunafika habari njema tupu. Mkubwa anasikia Symbian inakuja vizuri, anatangaza kwa wawekezaji, na huko chini mhandisi anajua haiji.

Woga huo haukuanza na Kallasvuo, na hapa ndipo Ollila anapoingia. Mwaka 2004, akiwa bado mtendaji mkuu, aliipanga upya kampuni kwa muundo ambao mtu mmoja anajibu kwa vitengo kadhaa, na kitengo cha simu kinagombania programu na vitengo vingine ndani ya nyumba hiyohiyo. Katika kipindi hicho wakongwe kadhaa waliojenga naye kampuni waliondoka, akiwemo Matti Alahuhta aliyekwenda kuiongoza Kone, kampuni ya lifti, na Sari Baldauf aliyekuwa mkuu wa mitandao. Aliyebaki kumrithi alikuwa mtu wa sheria na fedha. Ollila akabaki na kiti cha mwenyekiti wa bodi tu, akamsimamia. Kwa hiyo Kallasvuo alipokuwa anachelewa, aliyepaswa kumharakisha alikuwa mtu aliyejenga kile kinachomchelewesha.

Laini mbili

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ubishi wa Ulaya na Marekani huzungumza iPhone na Windows tu, na kuna ushahidi ambao sisi tuliuona kwa macho.

Miaka ya 2008 na 2009 Dar es Salaam mtu wa kawaida alikuwa na laini zaidi ya moja. Kupiga ndani ya mtandao mmoja ilikuwa rahisi, kupiga nje ya mtandao ghali. Laini ya pili aliitunza kwenye kipande cha karatasi ndani ya pochi, au chini ya kava la simu. Akitaka kumpigia shangazi aliye mtandao mwingine anazima simu, anatoa kava, anatoa betri, anavuta laini, anapachika nyingine, anarudisha vyote, anawasha, anasubiri. Nimebadilisha vishikio vya laini vya simu zisizohesabika vilivyokatika kwa kufunguliwa namna hiyo mara tano kwa siku.

Hitaji lilikuwa mezani kwa kila fundi, kila muuza vocha, kila konda. Wachina wakaliona. Zikaja simu za laini mbili, nyingine na spika za kuamsha mtaa na antena ya televisheni. Transsion, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2006, ikaja na Tecno zake za laini mbili, ikajenga jina barani Afrika. India, Micromax na wenzake walifanya hivyohivyo. Nokia ikatangaza simu yake ya kwanza ya laini mbili, C1-00, Juni 2010, na hata hiyo ilibeba laini mbili lakini iliamsha moja kwa wakati: ukiwa kwenye hii, ile imelala.

Angalia ni nini kimo ndani ya habari hii. Hamna Apple. Hamna Android, hamna Windows. Hamna programu ngumu ya kuandika upya wala bilioni za kutafuta. Ni simu ya vitufe, kitu ambacho Nokia ilikijua kuliko mtu yeyote duniani, katika masoko ambayo ilikuwa mfalme. Kilichohitajika ni mtu wa Kariakoo au wa Delhi aseme, na mtu wa Espoo asikie. Walichelewa miaka, na miaka yote hiyo Elop alikuwa bado hajafika.

Na alipofika? Katikati ya 2011 ikaja C2-03, ambayo laini ya pili unaichomeka ubavuni bila kuzima simu wala kugusa betri, na simu inakumbuka mipangilio ya laini mpaka tano. Kwa waliohangaika na betri, hilo lilikuwa jibu hasa. Kazi yake inawezekana ilianza kabla yake, lakini ilitoka chini yake, pamoja na simu za Asha zilizofuata. Mtu anayesema Elop alikuja kuua simu zote za Nokia aitazame C2-03 kwanza.

Uchague nani

Kama unachouliza ni nani aliifanya Nokia ife haraka, jibu ni Elop, na kosa lake lina mipaka inayoonekana: miezi tisa kati ya Februari na Novemba 2011, alipoizima bidhaa aliyokuwa nayo kabla ya kuwa na nyingine. Angekaa kimya mpaka Lumia ziwe kwenye makontena, Salo pengine ingepata miaka kadhaa zaidi. Hilo ni la kwake na hakuna wa kumsaidia kulibeba.

Kama unauliza nani aliifanya ifike mahali pa kufa, nenda kwa Kallasvuo, na usiishie kwake. Panda ngazi moja mpaka kwa Ollila.

Kura yangu ni kwa hao wawili. Nalinganisha walichokuwa nacho: Kallasvuo alikuwa na karibu euro bilioni 8 za faida kwa mwaka, miaka mitatu ya nafasi baada ya iPhone, na Linux iliyokuwa tayari inatembea kwenye kifaa cha kampuni yake. Elop alikuwa na soko lililotoka pointi tisa za asilimia kwa mwaka mmoja na hesabu ya simu tatu. Aliyekuwa na vingi akafanya kidogo namlaumu kuliko aliyekuwa na vichache akakosea.

Anayetaka bado kubaki na Elop peke yake sitamgombeza, ana sababu zake. Lakini anieleze: ile miaka tuliyokuwa tunatoa betri mara tano kwa siku, Elop alikuwa wapi?